Nakshi za Nyuma ya Maneno

Nasra mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga Daktari Awuor ofisini kwake, na dukani hapa hakuna mteja. Jua la saa hii limewafungia watu wa Voi majumbani. Nimeona nikuandikie sasa, kwa sababu kesho stesheni baba yako atakuwa ubavuni mwetu akiuliza kama umebeba maji, kama begi limefungwa vizuri, na yale ya kusema yatatupita treni ikifika.

Ya kula na kuvaa, ya kuswali, ya nani wa kuongea naye na nani wa kumpita, shangazi yako wa Nairobi atakwambia mpaka uchoke. Mimi sitayarudia. Nataka nikusimulie mambo yangu. Mengine unayajua nusunusu, maana nyumba hii tuliyanyamazia, na mtoto akinyamaziwa jambo hulijaza pengo mwenyewe.

Ulipokuwa ukitambaa, ua wetu ulikuwa karakana. Baba yako aligongomea meza ndefu kwa mbao za kreti za nyanya. Juu yake nikitandaza kitambaa cheupe, naweka fremu yenye wavu mwembamba uliochorwa nakshi, namimina rangi na kuisukuma kwa kipande cha mpira mpaka ipenye na kuacha picha. Nainua fremu, naisogeza, nachapa tena, hivyo hivyo mpaka jora liishe. Wewe nilikufunga mgongoni, na hukuwa na fulana hata moja isiyokuwa na doa la buluu.

Kuchora ua au jani halikuwa jambo kubwa. Kazi ilikuwa kwenye maungio. Mwisho wa picha hii lazima ukutane na mwanzo wa ile inayofuata, jicho lipite bila kujikwaa. Mteja akikiona kitambaa chenye mshono hata hajui kwa nini hakipendi. Anakigeuza, anakirudisha mezani, anakwambia atakuja kesho.

Nakshi iliyonipa jina niliiokota njiani. Baba yako alikuwa na lori lile la zamani, akienda kuchukua ndizi Mboghoni na vitunguu Mahoo, na safari moja nikapanda naye. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge nikatazama nje. Lori lilivyokwenda, mistari ya mkonge ilikuwa ikifunguka na kujifunga kama upepeo. Nikamwambia, "Simama."

"Kuna nini?"

"Wewe simama tu."

Akafunga breki, akazunguka upande wangu na chupa ya maji, maana nilikuwa na mimba yako na alidhani nataka kutapika. Akanikuta nachora nyuma ya risiti ya petroli. Alisubiri kando ya barabara na chupa yake mkononi mpaka nikamaliza, hakuuliza tena. Kwa hiyo wewe na nakshi ile ya Mistari ya Mkonge mna umri mmoja. Ilinunuliwa huku, ikanunuliwa Mwatate na Wundanyi, mahoteli ya njia ya mbuga yakaitaka kwa mapazia.

Usidhani nilikuwa hodari siku zote. Bi. Rehema, jirani yetu wa mtaa wa nyuma, alipomwoza bintiye aliniomba vitambaa vya meza. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapojulikana. Nikatia nyekundu, nikatia njano, nikatia zambarau, nikazungusha vitu vyenye miguu mingi ambavyo mimi niliviita maua. Siku ya harusi biriani ikaletwa, na hakuna aliyeiona sahani. Mtoto mmoja akalia, akisema mezani kuna wadudu. Bi. Rehema akanijia polepole, akaniinamia sikioni: "Mwanahawa, nilikuomba vitambaa. Hukuniambia bibi harusi ni meza."

Nilimnunia kwa muda mrefu, mpaka nikakubali kwamba alisema kweli. Kitambaa cha meza huwekwa ili sahani ipendeze. Ndiyo maana nilicheka sana mwaka huu ulipotengeneza ukurasa wa kwanza wa intaneti wa Daktari, ukatandika udongo mwekundu wa Voi nyuma ya maandishi yake yote, na yeye akavaa miwani, akavua, akavaa tena, akasema, "Nasra, ndovu wangu wamepotelea kwa vumbi." Ukafifisha udongo ule mpaka ukabaki kama kivuli, na maneno yakasomeka. Lililonichukua mimi muda wote ule, wewe lilikuchukua adhuhuri moja. Nilijua basi kwamba kazi hii unaiweza.

Sasa nikueleze ya yule tajiri wa nguo.

Alikuja kutoka Mombasa, mtu wa maneno matamu, akanywa chai yetu, akaisifu chai, akausifu ua, akakusifu wewe na fulana yako ya madoa. Akaishika Mistari ya Mkonge, akaipitisha vidoleni. "Mama, hii nitakuuzia pwani nzima. Nipe kipande nikawaonyeshe watu." Nikamkatia kipande kikubwa, chenye nakshi yote kutoka maungio hadi maungio, ili hao watu wake waione vizuri. Nilimfungia kwenye gazeti kwa mikono yangu.

Hakurudi. Mvua za vuli zikanyesha zikaisha. Siku moja nikaenda sokoni kununua mchicha, mbele yangu nikamwona mwanamke amejifunga Mistari ya Mkonge. Nilijua si ya mkono wangu, rangi zilikuwa kali mno. Nikamuuliza, "Mwenzangu, hiyo umeipata wapi?"

"Si hapo kibandani? Yameletwa marobota mazima. Wahi, mama, na rahisi."

Nilikwenda nikayaona. Kiwandani walikuwa wameiga kila kitu. Kuna mstari mmoja uliopinda kidogo, ulipinda kwa sababu mtoto alinipiga teke tumboni nilipokuwa nachora. Hata huo walikuwa wameuiga. Teke lako, Nasra, lilikuwa likiuzwa sokoni kwa marobota.

Nilirudi nyumbani nikafungia stoo fremu zote na vitambaa vilivyobaki. Baba yako alinisihi. Wanawake wenzangu walinisihi. Nikawaambia sichori tena ili wengine wavae jasho langu, na watu wakaniona mwanamke mwenye msimamo. Nikafungua duka hili, nikauza sabuni na mafuta na leso zilizochorwa na watu wengine. Aliyeniuliza, "Mama Nasra, siku hizi huchapi?" nilimjibu kwa ukali, na baadaye hakuna aliyeuliza. Nikapita kwenye mashamba yale ya mkonge mara nyingi, na nikajifunza kutazama upande wa pili wa barabara.

Leo naweza kulisema bila uchungu. Tajiri yule aliniibia nakshi moja. Zile nyingine zote ambazo sikuzichora, hakuziiba yeye.

Wewe ukakua hapa, ukamaliza shule, ukasoma kompyuta Mombasa, ukarudi ukapata kazi ya kupiga chapa ripoti kwa Daktari Awuor. Mama yule wa Kisumu amekaa hapa na utafiti wake wa ndovu mpaka amekuwa mtu wa kwetu. Ofisini kwake kulikuwa na kompyuta na waya wa simu, na jioni ulikuwa ukinieleza mambo ya intaneti. Nilikuwa nikiitikia kama mtu anayesimuliwa ndoto ya mwenzake. Ulisema kuna kurasa, na nyuma ya maneno ya kila ukurasa unaweza kutandika picha ndogo tu, ndogo kama kipande cha sabuni, na kompyuta yenyewe ikairudia kulia na kushoto, juu na chini, mpaka ukurasa ukajaa. Nilisikia, lakini sikutaka kusikia. Nilijua unachozungumza ni kazi gani.

Halafu Daktari akaja dukani na malalamiko. "Mama Nasra, huyu msichana ameweka mchanga kwa mashine yangu ya kuscan!"

"Ni udongo, na umo ndani ya nailoni," ukasema nyuma yake.

Ulikuwa umeweka udongo, ukaweka nyuzi za katani, ukaweka ganda la mgomba aliloleta baba yako, ukaweka na kikapu alichokusukia rafiki yako Wakesho kule Makwasinyi. Kila kimoja umekilaza juu ya kioo, umekipiga picha, umekifanya kipande cha kutandika. Tulicheka wote watatu. Siku ile sikujua kwamba ulikuwa umeingia stoo pia.

Nikajua mwezi uliofuata. Daktari alikuja kununua sukari, akasema akihesabu chenji, "Aki nakshi zako zimependwa huko kwa mtandao, mama. Watu wanazichukua sana."

"Nakshi zangu zipi?"

Akaacha kuhesabu. Alielewa kabla yangu.

Uliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni. Unakumbuka. Ninaandika tu ili ujue kwamba na mimi nakumbuka.

"Umevitoa vitambaa vyangu stoo?"

"Nimevirudisha, mama. Nilivipiga picha tu. Nilitaka kukuonyesha vikiwa tayari."

"Na hao watu wanaozichukua, wanazichukua vipi?"

"Bure. Ndivyo ilivyo huko. Mtu anatengeneza, anaweka, mwingine anachukua. Hakuna anayeuza."

"Bure!" Nilipiga kaunta, ukashtuka. "Yule wa Mombasa alau ilimbidi anidanganye. Wewe umewafungulia mlango mwenyewe!"

Ukasema, taratibu, "Mama, zilikuwa zinaliwa na mende."

Lilikuwa neno la kweli na kwa hiyo sikuweza kulisamehe. Nilikaa siku nyingi nikikujibu ndiyo na hapana. Baba yako alitutazama tukipitana jikoni kama wapangaji. Mwisho akasema, akiwa chini ya lori na sauti ikitokea huko uvunguni, "Mwanahawa, lori likiibiwa tairi, hulichomi moto lori." Nikamwambia anyamaze afanye kazi yake. Akasema hiyo ndiyo aliyokuwa akifanya.

Aliyenigeuza ni Daktari. Alinijia asubuhi moja kabla sijafungua duka, akakataa kukaa. Akasema kuna vijana wawili Nairobi wana kampuni ya kutengeneza kurasa za intaneti. Waliona nakshi zako, wakakuandikia uende ufanye kazi nao. "Na Nasra amewajibu anakataa. Hujui? Amesema mamake hapendi. Na zile zako amezifuta zote, mama. Zote."

Nilitegemea kufurahi niliposikia zimefutwa. Sikufurahi. Nikakuona, mwanangu mwenye miaka ishirini na kitu, ukifungia kazi yako stoo ile ile niliyofungia mimi yangu. Na safari hii hakukuwa na tajiri wa kulaumu. Nilikuwa mimi.

Nilivaa buibui nikamfuata Daktari ofisini, duka likabaki limefungwa. Ulisimama uliponiona, ukapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Nikakwambia, "Nionyeshe."

"Nimezitoa, mama."

"Hao waliochukua, wamezitupa?"

Ukaunganisha simu, mashine ikalia ile milio yake, na tukangoja. Ukurasa ulikuja polepole, kama mtu anayekunjua jora na hana haraka. Kwanza nikaona rangi. Kisha nikaona mistari ya mkonge inafunguka na kujifunga kutoka juu mpaka chini ya kioo, imefifishwa rangi ya majani makavu, na juu yake maandishi meusi yanasomeka vizuri. Nikakuuliza ni maandishi gani. Ukanisomea. Mzee mmoja wa nchi ya baridi anaandika habari za mizinga yake ya nyuki: mwaka huu asali ilikuwa haba, malkia mmoja amekufa, majira ya joto yamechelewa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ameandika kwamba nakshi ni ya Mwanahawa, fundi wa Voi, Kenya.

Niliuliza jina langu lilimfikiaje. Ukasema uliliandika chini ya kila kipande. Jina langu, na lako hukulitia.

Nikainama karibu na kioo nikatafuta mshono. Nilitafuta kama nilivyokuwa nikitafuta zamani, nikifuata kwa kidole. Sikuuona. Nikakuuliza umeuficha wapi, ndipo ukanieleza: unaikata picha vipande vinne, unavibadilisha nafasi, pembe zilizokuwa nje zinaingia katikati. Hapo kingo za nje zinakutana zenyewe, maana zamani zilikuwa kitu kimoja, na mshono wote unabaki katikati, mbele ya macho yako, ukiwa msalaba. Ndipo unaushona punje kwa punje mpaka unapotea. Ulisema Mistari ya Mkonge ilikutesa kuliko udongo na katani, kwa ajili ya mstari mmoja uliopinda. Daktari akasema, "Alikuwa analia hapa, mama, na hataki kuunyoosha." Nikakuuliza kwa nini hukuunyoosha. Ukasema, "Nilidhani una maana yake."

Sikukujibu pale. Sasa umeshasoma juu, unajua maana yake.

Sitaki unidhanie mtakatifu. Ukanionyesha na ukurasa mwingine, ambapo mtu amechukua nakshi ile ile, ameipaka kijani kibaya na jina amelitupa. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Lakini nilikwambia maneno mawili kabla hujazima mashine. La kwanza, uzirudishe zote, na safari hii jina lako likae pamoja na langu. La pili, uwaandikie wale vijana wa Nairobi kwamba jibu la kwanza halikuwa lako.

Ndiyo hayo. Kesho unakwenda.

Huko kuna watu watakaokuchukulia kazi wakaiita yao, labda hata ndani ya ofisi hiyo hiyo. Sina dawa ya hilo. Kasirika, sema wazi, dai jina lako kwa sauti ambayo mimi sikuitumia kwa yule tajiri, maana sikumfuata hata Mombasa kumuuliza. Lakini kesho yake keti uchore. Hasira ikae kifuani inapotaka, mkononi isishuke.

Kazi yako ni kukaa nyuma ya maneno ya watu. Ni kazi nzuri. Mzee wa nyuki hakuandika ili dunia itazame mkonge wangu, na nilifurahi hivyo hivyo. Ila usije ukaizoea nyuma hiyo mpaka ukaketi huko wewe mwenyewe. Wakikaa mkutanoni, vuta kiti mezani. Ukiulizwa, jibu kwa sauti ile uliyonijibia habari ya mende. Niliichukia siku ile, na kila nikiikumbuka naipenda zaidi.

Na jambo moja zaidi. Usichore Voi tu kwa sababu umetukumbuka. Udongo umeshaupiga picha, katani umeipiga. Nairobi nayo ina mabati na kuta zake, ina maua yanayoanguka barabarani wakati wake, na ina baridi ambayo sisi hatuijui. Tazama huko. Mimi nilikaa na nakshi moja mpaka nikadhani ndiyo mimi. Wewe ukiitwa siku moja "yule msichana wa mkonge," wachekee, halafu wafanyie kitu wasichokitegemea.

Leo asubuhi, ulipokuwa bado umelala, lilipita wingu dogo. Mvua yenyewe haikuwa mvua, matone tu, yale mazito yanayoanguka mbalimbali kwenye vumbi. Kila tone likaacha kishimo na duara la vumbi pembezoni, ua mzima ukajaa, na hakuna duara lililofanana na lingine. Nilijua jua likipanda yatafutika. Baba yako alitaka kupita kwenda kuwasha lori nikamzuia kwa mkono, akasimama mlangoni na buti zake mkononi, hakuuliza kitu.

Nimechora kwenye karatasi ya kufungia sukari. Nimeiweka hapa kando ya barua hii na nimekuwa nikiitazama muda wote huu. Ukingo wa kulia bado haujakutana na wa kushoto, kuna tone moja kubwa linanisumbua. Usiniambie niikate vipande vinne. Nitaimaliza kwa njia yangu, na ikiisha nitakuletea mimi mwenyewe huko Nairobi uione kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nenda salama, mwanangu, na Mungu akutangulie. Nakuacha hapa. Nina kazi.

Mamako,
Mwanahawa